Kila Kasoro ya Koili Ina Anwani Yake

Koili ya bati ikifungwa kwenye mashine ya kukunja migongo, halafu ukingo wake mmoja ukaanza kupiga mawimbi, wa kwanza kulaumiwa ni fundi wa mashine. Atakaza rola, atalegeza, atasogeza vizuizi vya pembeni, na mwishowe atatoa bati lenye mgongo wa mwisho uliopinda. Wa pili kulaumiwa ni aliyeuza koili. Lakini wimbi lile huenda lilianzia mahali ambapo wote wawili hawajawahi kufika: kwenye rola zilizopunguza unene wa chuma au, jambo linalowashangaza wengi, kwenye upepo uliofuta zinki iliyozidi.

Vitabu vya viwandani huzitenga kasoro za uso na kasoro za umbo katika sura mbili. Naona utengano huo unapoteza watu. Doa na wimbi ni ndugu. Mara nyingi mmoja humzaa mwenzake, na anayezisoma mbalimbali hutibu kisichoumwa.

Tuufuate ukanda wenyewe. Chuma kilichopunguzwa unene kwa rola baridi huingia kiwandani kikiwa kigumu na chenye mafuta. Huoshwa kwa maji ya alkali, kisha hupita katika tanuru lililojaa haidrojeni na naitrojeni, ambako hulainishwa kwa joto la nyuzi 700 hadi 850 hivi za Selsiasi huku haidrojeni ikiondoa oksidi iliyobaki usoni. Bila kukutana na hewa ya nje, huteremka ndani ya tangi la zinki iliyoyeyuka, nyuzi 460 hivi. Humo hukaa sekunde chache tu, huzunguka rola iliyozama, halafu hupanda wima na kupita katikati ya visu vya hewa, yaani mianya miwili mirefu inayopuliza upepo mkali kutoka mbele na nyuma ili kufuta zinki ya ziada. Mtindo huu wa ukanda usiokatika ulianzishwa na mhandisi wa Poland, Tadeusz Sendzimir, mwanzoni mwa miaka ya 1930, na mwaka 1936 mtambo wake ulikuwa ukifanya kazi Butler, Pennsylvania, Marekani. Kabla ya hapo karatasi za chuma zilichovywa mojamoja.

Kinachoifanya zinki ishike ni alumini kidogo mno, kati ya asilimia 0.15 na 0.20 ya kilichomo tangini. Alumini huwahi kuungana na chuma kabla ya zinki na kujenga utando mwembamba usioonekana kwa macho. Utando huo ukikosekana, zinki na chuma huungana moja kwa moja kuwa tabaka nene linalovunjika kirahisi, na bati likikunjwa zinki hubanduka magamba kwenye migongo. Mteja atasema ameuziwa zinki feki, kumbe zinki ni halali kabisa. Kilichopungua ni alumini.

Vidoa vitupu, ambavyo havikushika zinki kabisa, vina chanzo kingine: chuma kilifika tangini kikiwa bado na mafuta, au tanuru lilikuwa na unyevu na likakitia oksidi upya badala ya kukisafisha. Vipele vinavyokwaruza ukucha navyo ni mavi ya tangi. Chuma kidogo huyeyuka kutoka kwenye ukanda, huungana na alumini au zinki, kisha chembe nyepesi huelea na nzito huzama chini. Mfanyakazi asipoukwangua uso wa tangi kwa wakati, ukanda huzibeba chembe hizo hadi kwenye paa lako. Hazivujishi maji, lakini chini ya rangi zitaonekana miaka yote.

Ushahidi mzuri kuliko wote ni kujirudia. Alama inayotokea tena na tena kwa umbali uleule imepigwa na rola, na rola hiyo hujitaja yenyewe kwa hesabu ya shule ya msingi: umbali wa alama ni kipenyo mara 3.14. Rola ya kipenyo cha milimita 600 huacha alama kila baada ya milimita 1,885 hivi. Chukua futi, pima alama tatu au nne mfululizo, gawanya kwa 3.14, na mwenye kiwanda atajua aende kwenye rola ipi. Tahadhari ni moja tu. Alama iliyopigwa kabla chuma hakijapunguzwa unene hurefuka pamoja nacho, kwa hiyo umbali usiolingana na rola yoyote ya mtambo wa zinki unakurudisha nyuma, kwenye mtambo wa kubana chuma.

Sasa tuje kwenye visu vya hewa, maana hapo ndipo uso na umbo hukutana. Lebo ikisema Z275, maana yake ni gramu 275 za zinki kwa mita moja ya mraba kwa pande zote mbili zikijumlishwa, ambazo ni kama mikroni 20 kila upande. Neno "zikijumlishwa" lina hatari yake. Tuseme ukanda unapanda ukiwa umebinuka kidogo kwa upana, katikati ikiwa imesogelea kisu cha mbele. Upepo wa mbele utafuta zaidi katikati, na wa nyuma utafuta kidogo. Ukipima kwa kujumlisha pande mbili, gramu zinatimia, cheti kinatoka, na bati lina upande mmoja uliovaa shati jepesi. Ubinuko ule ni kasoro ya umbo, lakini kutu itakapoanza, itaripotiwa kama kasoro ya uso.

Mkasa wa kinyume hutokea kingoni. Pale chuma kinapoishia, pumzi za visu viwili hukutana uso kwa uso, hutibuana, na nguvu ya kufuta hupungua. Zinki hubaki nene kidogo kwenye ukingo. Unene huo ni mdogo, lakini koili huuzidisha. Chukua bati la milimita 0.4 lililozungushwa kuanzia kipenyo cha ndani cha milimita 508 hadi cha nje cha milimita 1,200: hiyo ni mizunguko 865. Ukingo ukizidi kwa mikroni 2 tu kila upande, kila mzunguko unaongeza mikroni 4, na hadi nje ukingo umeinuka karibu milimita 3.5 juu ya katikati. Mizunguko ya nje sasa inavutwa juu ya tuta la chuma. Kingo hurefuka kupita uwezo wa chuma kujirudi, na koili ikifunguliwa hupiga mawimbi. Ukanda uliotoka tanurini ukiwa mnyoofu umeharibiwa umbo na zinki yake mwenyewe. Dawa zipo na si ngeni: vibamba vya pembeni vinavyofuata upana wa ukanda ili pumzi mbili zisigongane, na kuuchezesha ukanda kidogo kushoto na kulia wakati wa kuzungusha ili tuta lisikae mahali pamoja.

Si kila wimbi linatoka huko. Rola za kubana chuma hupinda kwa mzigo. Zikibana kingo kuliko katikati, kingo hurefuka na kujikunja, kama ukingo wa mkeka ulioshonewa ukili mrefu kuliko mkeka wenyewe. Zikibana katikati zaidi, ukanda hutuna tumbo. Zikibana ubavu mmoja, ukanda wote hupinda kuelekea ubavu wa pili, na kwenye mashine ya migongo hautakaa mstarini hata ufanye nini.

Tofauti zinazotosha kuleta balaa ni ndogo kiasi cha kutoaminika. Wimbi la ukingo lenye kimo cha milimita 3 na urefu wa milimita 300 linamaanisha ukingo umezidi katikati kwa robo milimita tu katika kila mita. Ndiyo sababu fundi hawezi kulimaliza kwa kukaza rola za mashine yake. Wimbi hunyooshwa na mtambo unaouvuta ukanda huku ukiupindapinda kwenye rola nyembamba hadi sehemu zilizo fupi zirefuke na kulingana na ndefu. Karakana nyingi za kukunja mabati hazina mtambo huo, na wanaoahidi "kulirekebisha hapahapa" wanamdanganya mteja.

Kuna kundi la kasoro ambalo kiwanda hakina mkono ndani yake, nalo kwa pwani yetu ndilo kubwa. Mariakani na Dar es Salaam kuna mitambo ya kupaka chuma mchanganyiko wa alumini na zinki, lakini koili nyingi huja kwa meli kutoka Asia, na safari hiyo ndiyo hatari yenyewe. Zinki inayopata hewa hujijengea taratibu ngozi ya kaboneti inayoilinda. Zinki iliyobanwa kati ya mizunguko ya koili, maji yakiwa yamenaswa humo, haipati hewa ya kutosha kujenga ngozi hiyo. Badala yake hugeuka hidroksidi, unga mweupe unaofura. Hiyo ndiyo kutu nyeupe. Maji si lazima yawe ya mvua. Koili iliyo baridi ikikutana na hewa ya joto yenye unyevu, kama ile ya bandari ya Kilindini, Mombasa, mwezi Aprili, hutoka jasho hadi mizunguko ya ndani hata kama turubai ni jipya. Dawa ya kromati inayopakwa kiwandani huchelewesha hali hiyo, haiizuii milele. Bati la alumini na zinki, lenye alumini asilimia 55 kwa uzito, halifanyi unga mweupe vivyo hivyo. Huelekea kuwa na madoa ya kijivu au meusi, na mwenye duka hudhani kumemwagika mafuta.

Doa jeusi lina ndugu anayefanana nalo. Mizunguko iliyofungwa kwa kulegea husuguana njia nzima, barabarani au baharini, na kuacha vidoa vyeusi mahali ilipogusana. Ili kulitofautisha na kutu, futa doa kwa kitambaa. Kutu nyeupe hutoa unga na hupatikana pale maji yalipokaa, hasa kuanzia kingoni. Doa la msuguano halina unga na hulingana na doa jingine kwenye mzunguko uliolalia juu yake. Kulegea huko huko ndiko kunakofanya koili ibonyee ikawa yai, au mizunguko yake ikateleza na kuchomoza upande mmoja. Hapo tena, doa na umbo vimetoka chanzo kimoja.

Jambo moja wanalolilalamikia wengi si kasoro hata kidogo: maua ya zinki usoni mwa bati. Maua makubwa yanayometameta yalikuwa ya kawaida wakati matangi yalipokuwa na risasi ndani yake. Risasi imeondolewa katika viwanda vingi kwa sababu ya sumu yake, na maua yamekuwa madogo au hayaonekani. Anayekataa bati kwa kukosa maua anakataa bati zuri, na anayelinunua kwa sababu ya maua hajui ana gramu ngapi za zinki. Hata geji haimwambii, kwa kuwa geji ni unene wa bati.

Kwa wenye karakana, ombi langu ni la kazi. Koili ikishushwa, piga picha ya lebo, ya kingo na ya sehemu yoyote yenye unyevu kabla ya kukata mkanda wa kuifungia. Kasoro ikitokea, simamisha mashine na uandike mambo matatu: iko upande wa juu au wa chini, iko umbali gani kutoka ukingoni, na inajirudia kila baada ya milimita ngapi. Kata mita 4 za ukanda huo uzihifadhi bila kuzikunja. Ukishazipitisha kwenye rola za migongo, hakuna mtengenezaji atakayekubali dai lako, na atakuwa na haki.