Shathann alitokaje?

Watu wa Buyenzi, hapa Bujumbura, wamegombana kuhusu Dragon Age: The Veilguard tangu gemu hiyo ilipotoka Oktoba 2024. Wamegombana kuhusu Taash, mmoja wa wahusika wake, kuhusu anavyojitambulisha, kuhusu pembe zake. Ugomvi wangu mimi ni na mama yake, Shathann, au tuseme na waliomwandika mama yake. Mnaikumbuka meza ile: Shathann, Taash na Rook, mhusika wa mchezaji, wanakula, mama anamkosoa mwanawe kila tonge, mtoto anafura. Mandhari yenyewe imeandikwa vizuri, sina neno nayo. Lakini huyu ni mwanamke aliyeikimbia Qun, dini na sheria ya Qunari, watu wenye pembe, na mtoto mkononi, na gemu nzima inatupa habari hiyo kwa mdomo tu, kama mtu anayesema kwamba zamani aliishi mtaa wa pili. Aliondoka, akafika nchi ya Rivain, basi. Hilo ni kosa, na ni kosa la ufundi.

Tuhesabu alichotakiwa kuvuka. Chini ya Qun hakuna mama kwa maana yetu. Tamassran ndio wanaopanga nani azae na nani, ndio wanaolea, ndio wanaompangia mtoto kazi atakayokufa nayo. Kwa hiyo Shathann, msomi, alipaswa kwanza kujua kwamba mtoto yule ni wake. Kisha amtoe mikononi mwa Tamassran, ambao hawapotezi hata mtoto mmoja kwenye hesabu yao. Kisha awapite Ben-Hassrath, ambao kazi yao ni kuwanusa watu wa aina yake, na anayeshindikana hunyweshwa dawa ya qamek akabaki mwili wa kubeba mizigo. Kisha apate chombo. Kisha bahari. Kila hatua hapo ni misheni ya saa nzima, na waandishi waliopata muda wa kutuzungusha kutafuta makasha ya dhahabu hawakupata dakika tano za usiku ule.

Msiniambie kwamba hayo ni mambo ya zamani, hayaonyeshwi. Iron Bull, Qunari wa gemu ya 2014, alionyeshwa. Tulisimama naye kilimani Storm Coast, meli ya Qunari chini, vijana wake wa Chargers kilima cha pili, Gatt, mjumbe wa Qun, pembeni anamkazia macho. Baragumu ipulizwe au isipulizwe? Ukiwaokoa vijana, meli inalipuka na mtu wako amekuwa Tal-Vashoth, mwasi wa Qun, mbele ya macho yako, na baadaye wauaji wanatumwa hadi ngome ya Skyhold. Mwanamume anatoroka kwa baragumu na moto. Mwanamke anatoroka kwa simulizi ya mezani.

Wapo wanaodai kwamba mwanamke Tal-Vashoth hawezekani kabisa, kwa sababu wanaoasi ni askari, na askari ni wanaume wa Arishok, mkuu wa jeshi. Wanamtaja Sten, Qunari wa gemu ya kwanza ya mwaka 2009, ambaye hakuelewa kabisa jinsi Warden, mhusika wa mchezaji, akiwa mwanamke anavyoweza kuwa mpiganaji. Sten! Sentensi mbili kavu ndani ya kile kizimba cha Lothering na ulikwishajua urefu wa ukuta wa kwao. Hakuna mwandishi wa gemu hizi aliyemfikia tangu hapo, na Arishok wa gemu ya pili ndiye wa mwisho aliyejaribu. Lakini wanaomtumia Sten kwa hoja hii wamemsoma vibaya. Wapo wanawake wa Qun upande wa Ariqun, mkuu wa makuhani, na upande huo ndio wenye madaftari ya watoto na ndio wenye Ben-Hassrath wenyewe. Askari ana upanga. Mwanamke anajua zamu hubadilishwa saa ngapi.

Na tunaye mfano wa pwani ya Waswahili, wala si wa kubuni. Sayyida Salme, binti wa Seyyid Said bin Sultan, alizaliwa Zanzibar mwaka 1844 katika jumba la Mtoni. Wakati ule binti wa Sultani hakutoka peke yake, hakuonwa na mwanamume wa nje, na mimba ya mfanyabiashara wa Kijerumani ingeweza kumuua. Mwaka 1866 mimba hiyo ilikuwepo. Sasa tazama alivyotoka. Alijifunza kuandika mwenyewe, kwa siri, na mwaka 1859 ndiye aliyekuwa mwandishi wa barua za kaka yake Barghash katika njama dhidi ya kaka yao mwingine, Sultani Majid. Njama ilishindwa, ila yeye alikwishajua siri inavyobebwa. Baadaye, alipokuwa akikaa mjini, nyumba yake ilipakana na ya Heinrich Ruete, mfanyabiashara huyo, na paa la Mji Mkongwe halina pazia. Mke wa balozi mdogo wa Uingereza alikuwa upande wake. Manowari ya Kiingereza, Highflyer, ilikuwa bandarini. Na usiku waliouchagua, kama inavyosimuliwa, ulikuwa wa Siku ya Mwaka, usiku ambao desturi yenyewe iliwatoa wanawake ndani kwenda kuoga baharini.

Mnaona? Hakuvunja ukuta. Alipitia mlango ambao jamii ile ile iliyomfungia iliufungua mara moja kwa mwaka, akapanda mashua hadi Highflyer, akaenda Aden. Hakuna mwandishi wa fantasia aliyebuni utoro uliofungwa vizuri hivyo. Qun nayo ingekuwa na usiku wake. Wangeutafuta.

Hapa kwetu Burundi wangepata hata ukuta wa kuigia. Karyenda, ngoma ya ufalme, ilikuwa na Mukakaryenda, bikira aliyewekwa kuitunza kama mke wa ngoma hiyo. Mpe mwandishi mzuri msichana huyo na sababu moja ya kuondoka, akuandikie gemu.

Labda walioandika Shathann hawajawahi kuwa karibu na mtu anayekimbia. Msomaji wa Bujumbura hawezi kudanganywa hapo. Anajua kuvuka mpaka wa Gatumba na mtoto mgongoni kunadai nini. Anawakumbuka wakimbizi wa Burundi waliojazana Kagunga, Tanzania, Mei 2015 wakingoja meli ya Liemba iwapeleke Kigoma. Kila aliyefika ana hadithi ya aliyemfungulia mlango, aliyempa nafasi kwenye mtumbwi, na alichoacha. Mtoro asiye na hadithi hiyo hatumwamini.

Kuchagua Rivain pawe mahali pa kukimbilia ni sahihi, hilo nawapa waandishi wa gemu: bandari, wafanyabiashara, Qunari wa mji wa Kont-aar si mbali, mtu mwenye pembe hashangazwi.

Halafu kuna gharama. Salme alibatizwa na kuolewa Aden Mei 1867, na miaka mitatu baadaye tramu ya Hamburg ilimuua mumewe. Akabaki na watoto watatu katika lugha ya watu, akifundisha Kiarabu ili wale. Mwaka 1885 alirudi Zanzibar na manowari za Kijerumani, na Barghash, yule yule aliyemwandikia barua, akakataa kumwona. Urithi hakuupata. Alikufa Jena mwaka 1924. Miaka 58 ya kulipia usiku mmoja. Shathann naye angetakiwa kulipa: nani alimtafuta, aliogopa mlango gani ukigongwa, nani alibaki nyuma akanyweshwa qamek kwa ajili yake? Gemu ilikuwa na nafasi moja ya kumuuliza, ikaona ni rahisi zaidi kumuua.