Jembe Katika Ngao ya Taifa: Ni la Nani?

Ngao ya Taifa imetundikwa katika ofisi za serikali kutoka Iringa mpaka Mbeya, na kila mtoto wa shule hufundishwa kuisoma: dhahabu ni madini, nyekundu ni udongo wenye rutuba, mawimbi ni bahari na maziwa, mkuki ni ulinzi wa uhuru, jembe na shoka ni zana za kujenga nchi. Maelezo hayo ni sahihi. Lakini sisi tunasema hayatoshi, kwa sababu yanataja chombo na kunyamaza juu ya mwenye chombo.

Tuwatazame bwana na bibi waliosimama ubavuni mwa ngao hiyo. Mikono yao imeshika pembe za ndovu. Jembe limo ndani, limepishana na shoka, wala hakuna mkono uliolishika. Miguuni pao pana karafuu na pamba, mazao ya kuuza ng'ambo. Mahindi, ambayo Iringa na Mbeya pamoja na Ruvuma na Rukwa zimelilisha taifa kwayo, hayamo. Hatumlaumu mchoraji, nembo haiwezi kubeba ghala zima. Kosa ni la msomaji anayeliona jembe akadhani mkulima amekwisha kutajwa.

Isimani, kaskazini ya mji wa Iringa katika barabara iendayo Dodoma, ndiyo ushahidi wetu. Katika miaka ya 1950 na 1960 mapori ya huko yalifyekwa, mahindi yakastawi, na wakatokea wenye mashamba makubwa, matrekta na vibarua. Wote waliitwa wakulima. Aliyelipwa ujira wa kupalilia na aliyemlipa walikaa chini ya jembe lile lile la ngao, ingawa mmoja wao aliweza kumaliza msimu bila kulishika. Nembo haikuwatenganisha. Azimio la Arusha la mwaka 1967 ndilo lililojaribu, kwa kuuliza nani anaishi kwa jasho lake na nani kwa jasho la mwenzake. Swali hilo halikubaki vitabuni. Tarehe 25 Desemba 1971 Mkuu wa Mkoa wa Iringa, Dk. Wilbert Klerruu, aliyekuwa akisimamia uanzishaji wa vijiji vya ujamaa, alipigwa risasi na kuuawa huko Isimani na mkulima Saidi Mwamwindi, ambaye baadaye alihukumiwa kunyongwa.

Miezi michache baadaye, Mei 1972, Halmashauri Kuu ya TANU ilikutana Iringa na kutoa tamko la Siasa ni Kilimo. Hapo Chama kilikiri kwamba jembe la mkono halitoshi, na kwamba mkulima lazima ahamie plau ya kukokotwa na ng'ombe. Basi tukawa na ngao inayolitukuza jembe na sera inayotaka liachwe! Hata hivyo hatuoni ukinzani hapo, maadamu kinachoheshimiwa katika ngao ni jasho, si chuma.

Ukinzani wa kweli tunauona Mbeya. Huko kilijengwa kiwanda cha Zana za Kilimo, ZZK, kimtengenezee mkulima majembe papo hapo nyumbani kwake. Kiwanda kiliuzwa wakati wa ubinafsishaji, na mkulima wa Rungwe au Mbarali akaenda dukani kununua jembe lililosafirishwa kutoka ng'ambo. Ngao haikubadilika hata mstari mmoja, na katika hotuba jembe liliendelea kusifiwa vile vile.

Tena, mkono unaolishika jembe katika milima ya nyanda hizi aghalabu ni wa mwanamke. Katika ngao yeye amesimama kando, kilemba kichwani, na darasani huelezwa kwamba yeye na mwenzake ni alama ya ushirikiano. Ushirikiano katika nini? Walimu wanaofundisha ngao huko Mufindi na Rungwe wangeanzia hapo: wamwulize mtoto nani amelima shamba la kwao msimu huu, na fedha ya mavuno imeingia mfuko wa nani.