Sketi ya Sufu na Hatua ya Mwanamke

Hadithi zetu nyingi humvika mwanamke sketi kwa ajili ya mwanamume atakayemtazama. Sketi inabana, sketi ni fupi, sketi inapepea. Macho ya mhusika wa kiume yanafanya kazi yake, kisha mwandishi anafungua sura mpya. Ni nadra kuambiwa kitambaa chenyewe ni cha nini, kina uzito gani, na kama huyo dada anaweza kuruka mtaro bila kuanguka. Mimi nadai kwamba hapo ndipo penye hadithi. Shahidi wangu ni vazi ambalo msomaji wa Tanga au Dar es Salaam hana haja nalo kabisa: sketi ya sufu, ile wanayovaa wanawake wa Ulaya wakati wa baridi.

Shuleni tulifundishwa kuhakiki kazi kwa fani na maudhui. Basi tuitumie silaha hiyo hiyo hapa.

Tuanze na fani. Unyoya wa kondoo haukunyooka kama uzi wa pamba. Umejikunjakunja, na katika mikunjo hiyo hewa hunaswa. Hewa iliyonaswa ndiyo inayozuia joto la mwili lisitoroke. Tena sufu hunyonya mvuke mwingi, kiasi cha karibu theluthi moja ya uzito wake, kabla mvaaji hajahisi kwamba amelowa. Haishiki moto upesi, na ikishika haiyeyuki na kugandia ngozi kama nailoni. Uzito wake nao una kazi: upepo ukivuma, sketi ya sufu nzito haipeperuki hovyo. Inaning'inia, inatulia, inamfuata mwenyewe. Kasoro zipo pia, tusifiche. Inawasha ikiwa haina bitana. Ikinyeshewa sana inakuwa mzigo. Na nondo wakiingia kabatini, ndugu yangu, utakuta vazi limegeuka chekeche.

Kitambaa maarufu kuliko vyote vya sketi hizi ni twidi, na twidi maarufu kuliko zote ni Harris Tweed ya visiwa vya Hebrides ya Nje, magharibi mwa Uskoti. Katika miaka ya 1840 bibi mmoja wa ukoo wa kitajiri, Lady Dunmore, alianza kuwatafutia wafumaji wa kisiwa cha Harris soko miongoni mwa matajiri wenzake. Mwaka 1993 Bunge la Uingereza likapitisha sheria kabisa: kitambaa kisiitwe Harris Tweed mpaka kiwe cha sufu halisi, iliyotiwa rangi na kusokotwa visiwani humo, ikafumwa kwa mkono na wakazi majumbani mwao, na kumaliziwa hukohuko.

Lakini mimi kilichonivuta zaidi si sheria, ni nyimbo. Zamani kitambaa kilipotoka kwenye kitanda cha mfumi kilikuwa kigumu na chenye mafuta. Wanawake wa visiwani walikilowesha, mara nyingi kwa mkojo uliochacha, maana amonia yake inakata mafuta. Kisha walikaa kuzunguka ubao mrefu, wakakiponda na kukisukuma toka mikono hii kwenda mikono ile, mpaka nyuzi zishikane na kitambaa kiwe kizito. Kazi hiyo ilikwenda kwa nyimbo za Kigaeli. Mmoja anaanzisha, wengine wanaitikia, ubao ndio ngoma. Waliimba mapenzi, waliwaimba wanaume waliozama baharini, na waliwatania vijana ambao hawajaoa. Aliyewahi kuwasikia akina mama wakitwanga kwa zamu kinuni hahitaji kufafanuliwa. Ina maana kwamba kabla sketi haijafika dukani London, mikono na sauti za wanawake zilikwisha pita ndani yake. Anayesema nguo ni upuuzi wa wasichana aanze kwa kunijibu hilo.

Sasa maudhui. Kwa maoni yangu dhamira kuu ya sketi ya sufu ni moja: mwanamke anaruhusiwa kupiga hatua ndefu kiasi gani? Historia yake yote ni mgogoro juu ya jambo hilo.

Katika karne ya 19 mwanamke wa tabaka la juu Uingereza alibeba sketi ndefu ya kuburura, na chini yake tabaka kadhaa za nguo za ndani. Mwaka 1881 kikaundwa London chama cha kudai mavazi ya akili, Rational Dress Society. Moja ya madai yake lilikuwa kwamba nguo za ndani zisizidi uzito wa paundi 7, yaani kilo 3 na kidogo. Hebu fikiri: kama kilo 3 ndiyo nafuu, walikuwa wakibeba kiasi gani? Miaka hiyo hiyo mafundi wa nguo, kama kampuni ya Redfern iliyoanzia Cowes, walikuwa wakiwashonea wanawake koti na sketi za sufu kwa mtindo wa suti. Hapo mwanamke akapata vazi la kupandia mashua na kutembea mashambani. Baiskeli zilipoenea miaka ya 1890, pindo likazidi kupanda.

Usidhani safari ilikuwa ya mbele tu. Mnamo 1910 Paris ilileta sketi iliyobanwa magotini mpaka vifundoni. Mbunifu Paul Poiret alikuja kujisifu mwenyewe kwamba alikifungua kifua cha mwanamke na kuifunga miguu yake. New York mwaka 1912 yaliletwa matramu yasiyo na ngazi ya kupandia, na watu wakayapa jina la sketi hiyo. Yaani tramu ilibadilishwa umbo, lakini sketi haikuguswa! Hicho ni kichekesho kinachomsubiri mwandishi.

Kisha vita. Uingereza ilianza kugawa nguo kwa kuponi tarehe 1 Juni 1941. Mtu mzima alipata kuponi 66 kwa mwaka, na gauni moja la sufu lilikula 11. Mwaka 1942 serikali ikaweka masharti hata ya idadi ya marinda. Sketi ikawa fupi, nyembamba, ya kazi. Ndiyo maana Februari 1947, Christian Dior alipoonyesha Paris sketi yake nyeusi ya sufu yenye marinda tele na mzunguko mpana, ugomvi ulizuka. Kwa wengine ilikuwa dalili kwamba dhiki imekwisha. Kwa wengine ilikuwa matusi, maana Uingereza ilibaki kwenye kuponi hadi 1949, na Marekani walikuwepo wanawake walioandamana kuipinga. Mimi nasimama katikati. Sketi ile ilikuwa nzuri, na marinda yake yaliipa miguu nafasi. Ila uhuru unaohitaji mita nyingi za kitambaa ni uhuru wa mwenye pesa.

Wapo watakaoniambia: suruali imekwisha maliza kesi hiyo, sketi ya nini tena? Nawajibu kwamba sketi ya twidi inayoishia chini kidogo ya goti, iliyopanuka pindoni, pamoja na soksi nzito na buti, inampandisha mtu kilima bila taabu. Hilo ndilo umbo ninalolipa alama za juu. Ile nyembamba kama penseli naipa za chini, labda iwe na mpasuo wa kutosha nyuma.

Wapo pia watakaosema hayo ni mambo ya Wazungu. Si kweli kwamba hayatuhusu. Oktoba 1968 Umoja wa Vijana wa TANU ulipitisha azimio la Operesheni Vijana, na kuanzia Januari 1969 sketi fupi zikapigwa marufuku. Waliokataza walisema wanalinda utamaduni. Waliozivaa walisema wanakwenda na wakati. Katika mabishano yote hayo kipimo kilikuwa kile kile cha riwaya zetu: anaonekanaje? Swali la pili, anakwendaje, halikupata nafasi yake.

Tena sketi zenyewe zinatufikia. Tangu biashara ya mitumba ilipofunguliwa katikati ya miaka ya 1980, marobota hayabagui majira: ndani yake mna nguo za jua na za theluji pamoja. Twidi inayochekwa mnadani Dar es Salaam ina thamani nyingine Njombe au Makete, ambako mwezi wa Juni na Julai umande huweza kuganda juu ya majani. Huko sketi nzito juu yake ikafungwa kitenge si mtindo, ni akili. Na kama ni ya kubana, fundi cherehani atafumua mshono wa nyuma na kutia kipande cha kitambaa kingine, ili mama aweze kupanda mlima na mzigo wake wa viazi.

Huyo fundi, kwangu mimi, ni mhakiki kuliko wengi wetu tunaoshika kalamu. Hakuuliza sketi ilishonwa na nani wala ilitoka nchi gani. Alimwuliza mteja anakwenda wapi na amebeba nini, akaifumua kwa kufuata jibu. Sisi tunaotaka kuandika riwaya tukiwauliza wahusika wetu wa kike maswali hayo mawili kabla ya kuwavika chochote, nina hakika kurasa zetu zitabadilika.