Uzi wa Timazi

Julai 2, 1860, Malkia Victoria alifungua mashindano ya kwanza ya chama cha walenga shabaha wa Uingereza, pale Wimbledon. Bunduki ya Whitworth ilikuwa imeshafungwa kwenye kiweko na kuelekezwa kwenye shabaha, yadi 400 mbele. Malkia akavuta uzi wa hariri, risasi ikaenda kutua jirani kabisa na kitovu. Kila nikikumbuka kisa hiki simfikirii Malkia. Namfikiria aliyekaza skrubu za kile kiweko, na usingizi alioupata usiku wa kuamkia siku ile, kama aliupata.

Mwaka 1890 mashindano yalihamia Bisley, katika jimbo la Surrey, na huko ndiko nilikojifunza kufunga darubini juu ya bunduki. Uwanja wa Stickledown unafika yadi 1,200. Kwenye yadi 1,000, yaani mita 914, kibao cha shabaha kwa macho matupu ni stempu iliyobandikwa ukuta wa mwisho wa ukumbi. Sisi wa darubini tunaitwa watu wa F, kwa herufi ya jina la George Farquharson, Mkanada aliyeanzisha aina hii ya ulengaji ili wale ambao macho na viungo vyao vimechoka wasibaki nyumbani. Ndiyo maana wazee ni wengi kwenye mstari wetu, na hakuna anayemharakisha mwenzake.

Mgeni akija kununua darubini huuliza kwanza inakuza mara ngapi. Nami niliuliza hivyohivyo, nikarudi na ya mara 50, kifua mbele. Mchana wa Julai jua likishapiga nyasi, ukikuza mara 50 unachokiona ni mazigazi tu: shabaha inatokota kama uji jikoni. Siku hizi naiacha kwenye 25, na zile 25 nyingine nimezilipia bure.

Swali la maana ni kama kirungu cha juu, kile cha kupandisha na kushusha, kinasema kweli. Risasi ya .308 iliyowekwa sawa kwa yadi 100 inataka kupandishwa dakika 35 hivi za pembe ili ifike yadi 1,000. Digrii moja ina dakika 60, na dakika moja kwa umbali huo ni sentimita 26 na ushei. Kirungu chenye hatua za robo dakika kitalia tik mara 140. Kikipoteza hatua tatu tu humo njiani, risasi imekwenda kombo sentimita 20, na duara la alama kamili lina upana wa sentimita 25, kwa hiyo uko nje. Kioo king'avu kisicho na kirungu cha kweli ni rafiki mcheshi asiyelipa madeni.

Hata hivyo darubini yangu ilikuwa ya kweli, mwongo nilikuwa mimi. Niliifunga mwenyewe jioni moja, nikaangalia msalaba wa mistari ulio ndani yake kwa jicho, nikaona umesimama wima, nikakaza. Kwenye yadi 300 risasi zote zilikaa mahali pake, nikatembea kwa madaha. Kwenye yadi 1,000 zikaanza kwenda kulia, viganja viwili hivi kutoka kitovu, moja baada ya nyingine. Nikausingizia upepo. Asubuhi nzima nilizikodolea macho bendera zilizokuwa zimelala juu ya milingoti. Mzee wa mkeka wa jirani, mtu wa maneno machache, akanisogelea tulipomaliza, akaniuliza kama nina kamba.

Kumbe msalaba, ukilinganishwa na kamba iliyoning'inia, ulikuwa umeinama kama digrii moja. Kwa yadi 300, ambako unapandisha dakika tano tu, kosa hilo halifiki sentimita moja, nani ataliona? Kwa yadi 1,000 ni sentimita 16. Bunduki imelala sawa juu ya miguu yake, ila kila tik niliyodhani inapanda wima ilikuwa inapanda huku ikichepuka.

Jioni ile nilimpigia kaka yangu Tanga, mwashi wa siku nyingi.

"Kaka, nitumie timazi."

"Timazi? Wewe huko Ulaya unajenga?"

Nilipomweleza alicheka mpaka simu ikakatika. Akapiga tena kuniambia niache kupoteza pesa za posta: uzi na nati nzito vinatosha, ila nati niitumbukize kwenye ndoo ya maji, la sivyo upepo utanichezea.

Basi ndivyo ninavyofanya. Bolti naitoa kwanza na kuiweka mbali. Nalala kifudifudi kama kwenye mashindano, nafumba macho, naweka shavu kwenye kitako, nafumbua; picha isipokuwa kamili, ikiwa na mwezi mweusi pembeni, naisogeza darubini mbele au nyuma ndani ya pete zake, si shingo yangu. Kisha pima maji juu ya reli. Kisha skrubu, robo mzunguko huku, robo ng'ambo, nafasi za pande zote mbili za pete zikibaki sawa. Hapa ndipo kazi inapokera: ukikaza, darubini nayo inazunguka kidogo, unalegeza, unaanza upya. Bisibisi yangu ya kupimia nguvu imetegwa kwenye nyutoni-mita mbili. Ikishalia siongezi hata unywele, maana bomba la darubini ni jembamba na mkono wa binadamu haujui kiasi.

Jumamosi iliyopita uzi niliufunga kwenye tawi la msonobari nyuma ya banda la klabu, kama mita 40 hivi. Kijana mmoja mgeni alisimama karibu nami, akaangalia uzi, akaangalia ndoo, akaniuliza nani anavua samaki. Nikamwambia alale aangalie mwenyewe. Akalala. Nati ilikuwa bado inazunguka majini, na uzi ukipitapita mbele ya ule mstari wa wima, kulia, kushoto. Akanyoosha mkono kwenye skrubu.

"Bado," nikamwambia. "Subiri maji yatulie."