Saa Mbili Mbele ya Greenwich

Mfanyabiashara wa Koboko, Uganda, akiahidiana na mwenzake wa ng'ambo ya mpaka, ni vyema waulizane kwanza: saa za wapi? Uganda iko saa tatu mbele ya Greenwich. Kongo ya mashariki iko saa mbili. Sudan Kusini ilikuwa ikienda sawa na Uganda, lakini tarehe 1 Februari 2021 ilirudisha saa zake nyuma kwa saa moja. Jua lenyewe limeegemea upande wa majirani. Saa za Afrika Mashariki zimepimwa kwa longitudo ya nyuzi 45, mstari unaopita karibu na Mogadishu, na Arua iko mbali sana magharibi yake, karibu na nyuzi 31. Kwa hiyo jua la utosini huko Arua, kwa wastani, hufika saa saba kasoro dakika nne, zaidi ya nusu saa baada ya Mombasa. Ukihesabu kwa jua peke yake, Arua inaitangulia Greenwich kwa saa mbili na dakika tatu na ushei tu.

Hizo saa mbili zina historia nzito. Mkataba wa Mei 1894 kati ya Uingereza na Mfalme Leopold wa Ubelgiji ulimkodisha ardhi ambayo sehemu yake ilikuja kuitwa Lado, na ndani ya Lado ikawemo ardhi ya Arua na Koboko ya leo. Mpaka wa magharibi wa Lado ulikuwa longitudo ya nyuzi 30 mashariki ya Greenwich. Dunia huzunguka nyuzi 15 kwa saa, basi nyuzi 30 ni saa mbili kamili. Waliotia saini walichora mstari wa wakati juu ya nchi ambayo hawakuwahi kuikanyaga. Kazi ya kuutafuta mstari huo ardhini wakawaachia watu wa darubini na saa.

Na hapo ndipo ninapowaheshimu mafundi hawa kwa dhati. Karibu na ikweta, sekunde moja ya wakati ni mita zipatazo 460 za ardhi. Saa yako ikikosea sekunde nne, mpaka umehama karibu kilomita mbili, pamoja na mashamba na visima vilivyomo.

Nusu ya kwanza ya kazi ni kujua saa ya mahali ulipo, na hiyo hutolewa na nyota. Mpimaji husimika theodolaiti kwenye ardhi ngumu, akaisawazisha, kisha akasubiri nyota ipande mashariki. Darubini inaonyesha nyuzi nyembamba, na nyota inazisogelea. Hawezi kutazama nyota na uso wa saa kwa pamoja. Basi huichungulia saa mara moja, akashika hesabu, akarudisha jicho kwenye darubini huku sikio likiendelea kuhesabu mapigo: nusu sekunde, nusu sekunde, nusu sekunde. Nyota ikivuka uzi katikati ya pigo na pigo, yeye hukadiria: ni sehemu mbili za kumi, au tatu? Anaandika bila kuliacha pigo lipotee. Kisha hutafuta nyota nyingine upande wa magharibi, yenye kimo kinachokaribia kile cha ile ya kwanza, ili kasoro za chombo na za hewa zikatane. Uzoefu wa jicho na sikio namna hiyo haununuliki.

Nusu ya pili, yaani kujua saa ya Greenwich dakika ile ile, ndiyo iliyowatesa wengi. Mwezi unaweza kutumika: unapoifunika nyota, tukio hilo limeshakokotolewa katika majedwali. Lakini mwezi husogea katikati ya nyota kwa kiasi cha upana wake mwenyewe kwa saa moja, kwa hiyo kosa dogo la kuupima hukua takriban mara 30 likigeuzwa kuwa longitudo. Njia nyingine ni kusafiri na saa ya Greenwich yenyewe, yaani kronometa, na si moja. Ukiwa na moja, huna wa kumuuliza. Ukiwa na mbili zikapingana, hujui ipi inadanganya. Kuanzia tatu unaweza kuamua.

Wasiozijua hudhani saa bora ni ile isiyokosea kabisa. Saa ya namna hiyo haipo. Fundi hutafuta saa inayochelewa kwa kiasi kile kile kila siku. Ikichelewa sekunde mbili jana, mbili leo, mbili kesho, hiyo ni hazina. Ile inayochelewa nusu sekunde leo na kuwahi moja kesho haifai, hata kama wastani wake unavutia. Ndiyo maana kronometa hutiwa ufunguo saa ile ile kila siku, zikalindwa na joto na mishtuko, zikalinganishwa zenyewe kwa zenyewe, na kosa la kila moja likaandikwa daftarini. Hazisahihishwi mikono. Mtu akisogeza mkono wa saa, amefuta ushahidi.

Tabia hiyo alikuwa nayo David Gill, aliyezaliwa Aberdeen mwaka 1843, mtoto wa muuza saa ambaye mwenyewe aliiendesha biashara ya baba yake kabla ya kuingia katika elimu ya nyota. Mwaka 1874 alisafiri Mauritius kuitazama Zuhura ikipita mbele ya jua, akiwa na kronometa zipatazo 50. Alipoongoza kituo cha nyota cha Rasi ya Tumaini Jema kuanzia 1879, waya wa simu wa chini ya bahari ulifika Durban kutoka Aden kupitia Zanzibar. Sasa mpigo wa saa ungeweza kutumwa kwa umeme badala ya kubebwa. Yeye ndiye aliyependekeza kuipima Afrika kutoka kusini hadi kaskazini kwa kuufuata mstari ule ule wa nyuzi 30. Sehemu ya magharibi ya Uganda ilipimwa mwaka 1908 na 1909 na E. M. Jack, G. T. McCaw na wenzao. Kipande cha mwisho, Sudan, kilikamilika 1954.

Kufikia hapo mpaka wenyewe ulikuwa umebadilika. Leopold alifariki Desemba 1909, ukodishaji ukakoma, Lado ikaenda Sudan, kisha mwaka 1914 West Nile, yenye Arua na Koboko, ikaingizwa Uganda baada ya kazi ya tume ya Kapteni Kelly na Kapteni Tufnell ya mwaka 1913. Upande wa Kongo ukafuata mgongo wa nchi unaogawa maji ya Nile na ya Kongo. Huo naupenda zaidi, maana mkulima anaweza kuuona mvua inaponyesha.

Mpimaji wa Arua leo husimamisha antena juu ya stendi ya miguu mitatu, akapata alichotafuta Gill, kwa usahihi wa sentimita. Lakini chombo chake bado kinasikiliza saa. Setilaiti za GPS hubeba saa za atomu, na sehemu moja ya bilioni ya sekunde ni sentimita 30 za mwendo wa mawimbi. Kule juu saa hizo huwahi zile za ardhini kwa takriban sehemu elfu 38 za bilioni za sekunde, yaani maikrosekunde 38, kila siku, kwa sababu udhaifu wa mvutano wa dunia huziharakisha kuliko mwendo wa setilaiti unavyozichelewesha. Kwa hiyo hutegwa ziende polepole kidogo kabla ya kurushwa, na vituo vya ardhini huendelea kupima kosa la kila moja na kulituma pamoja na mawimbi yake.