Farasi 15 Hewani: Tunavyokosea Kuchagua Mashine ya Katamarani

Mwaka jana nilikuwa kwenye katamarani ya tanga yenye urefu wa futi 30 hivi, kusini mwa Unguja. Tulikuwa watu wanne tunarudi kukusanya sampuli za majani ya bahari. Saa tisa alasiri upepo ukafa. Maji yalikuwa yanakupwa, na mkondo ukawa unatusogeza mwambani. Nahodha akashusha mashine ya farasi 15, akavuta kamba mara moja, ikawaka. Lakini kila wimbi lilipopita, tezi, yaani nyuma ya chombo, ilinyanyuka, propela ikatoka majini na mashine ikapiga kelele kama blenda tupu. Ikizama tena inasukuma sekunde mbili tatu, halafu kelele zinarudi. Tuliuepuka mwamba kwa nanga, si kwa mashine.

Tulipofika pwani kila mtu alikuwa na jibu lilelile: mashine ni ndogo, tununue ya farasi 25. Kikao cha kuamua ni mwisho wa mwezi huu, na pesa hizo zikitoka hakuna nyingine. Mimi napinga. Naandika hapa kwa sababu naona kosa hili si letu peke yetu. Wengi wetu tunachagua mashine kwa kusoma namba iliyobandikwa kwenye kifuniko, basi.

Namba hiyo inasema nini?

Farasi mmoja ni takriban wati 746. Ni kipimo cha nguvu, yaani injini inatoa nishati kiasi gani kwa kila sekunde. Hakikuambii chombo kitasukumwa kwa kani kiasi gani, na ukiwa karibu na mwamba unachohitaji ni huo msukumo.

Twende taratibu. Chombo kinakwenda mbele kwa sababu propela inatupa maji nyuma. Kwa nguvu ileile unaweza kutupa maji machache kwa kasi kubwa, au maji mengi polepole. Je, ni sawa? Hapana. Msukumo hukua sambamba na kasi ya maji unayoyatupa, lakini nishati hukua kwa mraba wa kasi hiyo. Ukiongeza kasi ya maji yaleyale maradufu, unalipa nishati mara nne. Kwa hiyo kutupa maji mengi polepole ndiyo biashara yenye faida, na ili kuyashika maji mengi unahitaji propela pana. Kwa nadharia, chombo kikiwa karibu kimesimama, propela yenye kipenyo mara moja na nusu hutoa msukumo zaidi kwa asilimia 31 hivi, bila kuongeza farasi hata mmoja.

Mfano upo dukani. Yamaha wana mashine mbili za farasi 9.9. F9.9 ya kawaida ina gia ya 2.08, yaani injini inazunguka mara 2.08 ili propela izunguke mara moja. T9.9 ina gia ya 2.92. Injini zote mbili zikiwa kwenye mizunguko 5,000 kwa dakika, propela ya kwanza inazunguka karibu mara 2,400 na ya pili karibu mara 1,700. Kwa kuwa inazunguka taratibu, hiyo ya pili inaweza kubeba propela pana zaidi: inchi 12 hivi, wakati mwenzake ni inchi 9 na ushei. Farasi ni walewale, lakini kazi zao ni tofauti. Ya kwanza inafaa kiboti chepesi kinachoteleza juu ya maji. Ya pili inafaa chombo kizito kinachokwenda noti tano au sita, kama chetu.

Lawama yangu ya kwanza ni kwa namna mashine zinavyotangazwa. Farasi wanaandikwa kwa herufi kubwa ukurasa wa mbele, gia na kipenyo vinafichwa kwenye jedwali la mwisho. Lawama ya pili ni kwetu sisi wanunuzi: jedwali lipo, hatulisomi.

Mashine inakaa wapi?

Hata hivyo, gia isingetuokoa siku ile. Propela iliyo hewani haina msukumo, iwe pana iwe nyembamba.

Katamarani hailali upande sana, lakini hupanda na kushuka kama bembea ya ubao, omo juu tezi chini, kisha kinyume chake. Mashine yetu imefungwa kwenye boriti ya nyuma kabisa, mita 4 hivi kutoka katikati. Chombo kikiinama nyuzi 5 tu, sehemu hiyo inanyanyuka sentimita 35. Ungeifunga mita 1 kutoka katikati, ingenyanyuka sentimita 9. Faida ni sentimita 26.

Sasa linganisha na shafti. Urefu unaopatikana kwa kawaida ni inchi 15, 20 na 25, yaani sentimita 38, 51 na 64. Kutoka saizi moja hadi nyingine ni sentimita 13. Kwa hiyo kuihamisha mashine kunakupa sawa na kupanda saizi mbili za shafti. Na mashine ya farasi 25? Ni nzito zaidi, na uzito ukizidi tezini bembea inazidi. Tutakuwa tumenunua farasi 10 wa ziada ili nao wapige kelele hewani.

Wazo hili si langu. James Wharram, mbunifu Mwingereza wa katamarani aliyefariki mwaka 2021, aliweka mashine kwenye kisanduku ndani ya sitaha, katikati ya miili miwili, katika michoro yake kadhaa.

Lakini tusidanganyane, katikati nako kuna shida zake. Unakata sitaha. Mawimbi yanayopita kati ya miili yanaipiga mashine, kwa hiyo lazima iweze kunyanyuliwa kabisa, na ukiwa kwenye tanga lazima uinyanyue kweli, maana propela pana inayoburuzwa ni breki. Halafu maji yanayotupwa na propela ya katikati hayapigi usukani, kwa hiyo ukienda polepole chombo hakigeuki vizuri, hadi mashine iunganishwe igeuke pamoja na usukani. Fundi mzuri ataziweza kazi hizi, ila si za siku moja.

Ninachopendekeza

Kabla ya kutoa pesa, tufanye jaribio moja. Tufunge kamba kutoka kwenye chombo hadi gatini, katikati tuweke mizani ya kuning'iniza inayobeba kilo 200, bahari ikiwa shwari. Tuwashe mashine tuliyonayo, tusome. Ikivuta vizuri pale na kushindwa kwenye mawimbi, basi tatizo ni mahali ilipo, na tutumie pesa kwa kisanduku na shafti ndefu. Ikishindwa hata gatini, nitanyoosha mkono kuunga mkono mashine mpya, ila nitauliza kwanza gia na kipenyo cha propela.

Siku ile, tukiwa tumetia nanga, nilimwambia nahodha, "Mzee, mashine yetu mbovu." Akaitazama, akacheka kidogo. "Mwanangu, mashine nzima hii. Imekosa maji tu."

Wazee wa pwani husema enda tezi na omo, marejeo ni ngamani. Ngama iko tumboni mwa chombo, na kwenye kikao nitawaomba wenzangu tuanzie huko.