Ulimi wa Jambazi: Uigizaji wa Joseph Wairimu katika Nairobi Half Life

Picha ya sinema iitwayo Nairobi Half Life, iliyoongozwa na David "Tosh" Gitonga na kutolewa mwaka 2012, haidai kuwa masimulizi ya kesi fulani iliyosikilizwa mahakamani. Hata hivyo mambo yake yanajulikana Nairobi: vipuri vinavyochomolewa katika magari ya watu, magari yanayotekwa njiani, polisi wanaokula na majambazi kisha wakawaua. Joseph Wairimu, aigizaye Mwas, alipewa tuzo ya mwigizaji bora wa kiume huko Durban mwaka huohuo, na picha hii ikawa ya kwanza kupelekwa na Kenya kushindania Oscar. Linalotupasa sisi tushughulikao na lugha ni jingine: mtazamaji wa Ifakara aipokee kwa ulimi gani?

Maana katika picha hii mna Kikuyu, Kiswahili, Kiingereza na Sheng, na Sheng ya genge la Oti ni ngumu kwa sikio lililozoea Kiswahili cha bonde la Kilombero. Huenda mtu akashauri isimuliwe upya, kwa mtindo uliompatia sifa Lufufu wa Dar es Salaam, ambaye sauti yake ilifunika za wenye picha, ikafafanua na kutia utani. Sanaa hiyo siidharau. Lakini hapa ingeua kazi yote ya mwigizaji.

Tumtazame Mwas mwanzoni. Anauza picha za kigeni kijijini kwa kuwaigiza mashujaa wake. Yaani yeye mwenyewe ni msimulizi, na kila sauti aitoayo ni ya kuazima. Afikapo Nairobi ananyang'anywa mali, anatupwa mahabusu, anaamriwa kusafisha choo, na humo anakutana na Oti. Tangu hapo anajifunza wizi na usemi wake pamoja, huku jukwaani, alikopata nafasi ya kuigiza, akitakiwa usemi mwingine kabisa. Wairimu hampi Mwas ukali wa jambazi. Hata kazi iwapo ya bunduki, utoto umebaki katika sauti yake, nasi twaogopa kwa sababu tumekwisha kumpenda. (Maneno yake ya mwisho jukwaani, kwa maoni yangu, yanawahutubia watazamaji mno, uso ulikuwa umekwisha kuyasema.)

Kijana atokaye Ifakara kwa basi, akapita Kidatu na Mikumi hadi Dar es Salaam, naye husikia kwanza maneno asiyoyajua, na baada ya majuma machache huyatumia. Kwa hiyo kutoelewa kwa mtazamaji si kasoro ya picha hii: Mwas mwenyewe haelewi, na msimulizi akitueleza kila neno atatufanya tuwe werevu kuliko yeye, jambo ambalo Wairimu amejitahidi sana kulizuia. Maandishi machache ya Kiswahili chini ya picha yatatosha, nayo yasianze mpaka Mwas awe ameanza kuwajibu wenzake kwa lugha yao.